Kuhusu Besi Iliyolitikisa Goti Langu la Kushoto

Nyumba ya Maombi ya Saron,
Jæren,
14 Januari

Kwa Mhariri,
Jarida la Nyuzi Nzito,
Oslo

Ndugu Mhariri mheshimiwa,

Naomba radhi kwa kukuandikia. Naomba radhi pia kwa urefu wa barua hii, ambao bado siujui, ila najifahamu. Katika shule ya bweni ya misheni nilikosomea, mwalimu wetu wa insha alitufundisha kwamba anayelalamika sharti aanze kwa kumtakia mlalamikiwa afya njema. Basi nakutakia afya njema, wewe na watumishi wenzako wote, na hasa yule mwandishi wa ukurasa wa majaribio ya magitaa, maana ndiye nitakayemlalamikia kwa kirefu.

Mimi ni Endre Nærland, mkaguzi wa maziwa mstaafu, mgane, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Hapa Saron tunalo kundi la muziki la watu saba, ambalo hufanya mazoezi kila Alhamisi saa moja jioni. Marehemu mke wangu, Jorunn, alipiga gitaa la besi katika kundi hilo kwa miaka arobaini na sita. Alipofariki, mwaka juzi, nililichukua gitaa lake nikaketi mahali pake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza. Sigbjørn, mfugaji wa nguruwe ambaye ndiye mpiga kodiani wetu, alinipokea kwa maneno haya: "Endre, wewe ukishika besi, Bwana atarudi kabla hatujafika ubeti wa pili." Hata hivyo nilipiga vibaya kwa miezi ishirini mizima pasipo mtu kugundua, kwa sababu gitaa lenyewe lilikuwa halisikiki.

Mwezi Novemba gitaa hilo liliachwa karibu na jiko la kupashia ukumbi joto. Shingo yake ikapinda kama ubao wa kutelezea thelujini. Wazee wa baraza wakapendekeza inunuliwe mashine ya kusindikiza nyimbo, kisanduku ambacho mtu hubonyeza kitufe nacho kikapiga vyombo vyote peke yake. Mashine haihitaji mazoezi, Ndugu Mhariri. Ikija, Alhamisi zitakwisha. Siku nyingine za juma mimi huzungumza na redio, ambayo ni chombo chenye adabu, lakini haisikilizi.

Niliinuka nikaomba, kwa unyenyekevu, baraza litupe nafasi ya kutafuta besi nyingine. Likakubali. Iliundwa kamati ya watu wawili: mimi, na Torborg Aarsland, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye hajawahi kutia sahihi yake kwenye jambo asiloliamini. Tulipewa masharti manne. Besi iwe ya bei ya kati. Iwe na sauti njema. Vidole vya mzee viweze kuipiga. Tena isitikise goti la mtu yeyote. Tangu Saron ijengwe mwaka 1928 hakuna aliyecheza dansi ndani yake, na hatuna nia ya kuliruhusu dansi liingie kwa kupitia goti. Ripoti yenye sahihi zote mbili itasomwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, tarehe 10 Februari. Pasipo sahihi ya Torborg, mashine inakuja.

Ndipo tulipolinunua jarida lako la Oktoba, ambamo mmelinganisha besi tatu za bei ya kati. Kuhusu bei sina neno. Gitaa la bei rahisi ni aibu mbele ya watu, na la bei ghali ni aibu mbele za Mungu, na kati ya aibu hizo mbili pana njia nyembamba ya kama krone elfu nane, ambayo ninyi mmeifuata vyema. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Lugha yenu. Mwandishi wenu anasema kwamba besi ya kwanza "inang'ata", ya tatu "ina joto la kukumbatia", na ya pili "ina unene pale chini panapotakiwa". Torborg aliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Endre, hawa wanazungumza juu ya ubao au juu ya mtu?" Niliitazama tu sahani ya mikate ya viazi aliyokuwa ameishika, ambayo nilikuwa bado sijakaribishwa.

2. Uzito. Mnalisifu kila gitaa kwa wepesi wake, kana kwamba wepesi ni fadhila. Nimelipima gitaa la Jorunn kwa mizani ya samaki: kilo tano na nusu. Lilimwachia alama begani ambayo haikufutika hata wakati wa likizo. Kwa sababu ya alama ile, hakuna mtu hapa Saron aliyethubutu kusema kwamba Jorunn anajifurahisha. Mpigaji wa besi ya kilo tatu na robo atajitetea kwa lipi?

3. Wepesi wa kupiga. Jambo hili nimelipima mwenyewe kwa sarafu za krone moja, zile zenye tundu, nikiziingiza chini ya uzi pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Kwenye gitaa la Jorunn ziliingia sarafu tatu, na nafasi ikabaki. Kwenye besi mnazozisifu inaingia moja, kwa kusukumwa. Mnaliita jambo hilo "raha ya vidole". Nami nakiri kwamba ni raha. Lakini gitaa lenye nyuzi zilizoinuka juu hivyo humlazimisha mpigaji kuamua kwa kila noti kama kweli anaihitaji, na mara nyingi ataona kwamba haihitaji. Nyuzi zikilala chini, vidole huanza kutembea vyenyewe na kutembelea noti ambazo hazikuvialika. Mimi binafsi, nikiwa dukani, nilipiga noti tano za ziada kabla sijajizuia.

4. Kudumu kwa sauti. Mwandishi wenu alihesabu, kwa saa ya mkononi, muda ambao noti moja inaendelea kulia. Kwenye besi ya tatu alipata sekunde kumi na nne, akaandika kwamba ni jambo la kupendeza. Hakufikiria majengo. Noti ya gitaa la Jorunn ilifia benchi la pili, wanakoketi watu walioimarika katika imani. Noti ya sekunde kumi na nne itayapita mabenchi yote, itaingia jikoni mwenye vikombe, na itashuka chini ya mbao za sakafu, halafu itapanda tena kwa kupitia nyayo za viatu. Hapo hatuzungumzii tena masikio. Mtu anaweza kuziba masikio yake. Nyayo atazizibaje?

5. Sasa nakuja kwenye lalamiko ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu, na naomba unisamehe nikichelewa kidogo hapa.

Tulikwenda Stavanger kwa treni, mimi na Torborg, kwenye duka linalouza besi zote tatu. Muuzaji alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, jina lake Wenche, ambaye alipiga besi katika bendi za dansi kwa miaka ishirini. Alitueleza hivyo pasipo kuulizwa, na pasipo kushusha sauti. Torborg aliomba kiti, akakiweka mkabala na changu, akatoa daftari akalipiga mistari, safu moja kwa kila gitaa. Wenche akamuuliza anatazama nini huko chini.

"Magoti," Torborg akasema. "Uso hudanganya, na mikono hujizuia. Lakini goti halijawahi kufunzwa adabu."

"Mama, mimi nimelishwa na magoti ya watu miaka ishirini," Wenche akasema. "Andika tu."

Besi ya kwanza, ile nyekundu, haikutikisa kitu. Sauti yake ilikuwa kama nyuki ndani ya kopo. Tena uzito wake haulingani: ukiiachia mkono, shingo yake inashuka polepole kama kichwa cha Sigbjørn wakati wa hotuba ya pili. Ya pili inatumia betri na ina vitufe vitano vya kuzungusha. Torborg aliuliza itakuwaje betri ikiisha katikati ya wimbo. "Utanyamaza, mama, na wenzako wataendelea kumsifu Mungu," Wenche akajibu, jibu ambalo Torborg aliliandika kama lilivyo. Shingo ya besi hiyo ni pana mno; kidole changu kidogo hakikuufikia uzi mnene isipokuwa kwa maombi. Magoti yalitulia, ila meno yangu ya bandia yalitetema.

Ya tatu ni ya rangi ya kahawia, ina shingo fupi, na nyuzi zake zimeviringwa laini hata kidole kikiteleza hakipigi kelele. Niliishika. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda mahali pake pasipo kuniuliza. Wenche akasema, "Mzee wangu, hiyo imekukubali. Nipe kidogo niwapigie muisikie kutoka nje. Mnataka nini?"

Nilikuwa na daftari la Jorunn mkobani, lile alilokuwa akiandikia sehemu yake ya besi kwa penseli, wimbo kwa wimbo. Nimekuwa nikilitumia kwa miezi ishirini, nikichagua noti mbili katika kila mstari, zile ninazoziweza. Nikampa Wenche. Akalifungua popote, akalitazama kwa muda, akasema, "Nani kaandika hivi?" Nikasema ni mke wangu. Akapiga.

Ndugu Mhariri, kwa miaka arobaini na sita nilisimama upande wa tenori, hatua mbili kutoka kwa Jorunn, nikidhani kwamba alikuwa akipiga noti mbili kwa kupokezana, kwa kuwa ndizo nilizozisikia. Kumbe zile mbili ndizo tu zilizoweza kutoka ndani ya lile gitaa. Kumbe alikuwa akitembea. Sauti ilianzia chini, ikapanda ngazi moja moja chini ya wimbo, ikasubiri pale sote tunapovuta pumzi, kisha ikashuka kwa njia nyingine kabisa ambayo nisingeliifikiria, ikafika nyumbani nusu hatua kabla yetu, kama mtu anayetangulia kuwasha taa. Na alikuwa amepiga hivyo kila Alhamisi na kila Jumapili. Tulirudi nyumbani pamoja, tukala, na mimi sikuwahi kumwambia neno juu ya jambo hilo, kwa sababu sikuwa nimelisikia.

"Endre," Torborg akasema. "Goti."

Nikatazama chini. Lilikuwa likienda.

"Samahani," nikasema.

"La kushoto," akasema, akaandika.

"Mwache mzee wa watu, mama," Wenche akasema. "Goti ni lake."

"Goti ni lake," Torborg akasema, "lakini sakafu ni ya Saron."

Tulirudi kwa treni ya saa kumi na nusu pasipo gitaa. Torborg hakunilaumu hata kidogo. Alinigawia nusu ya mkate wake wenye jibini ya kahawia, akasema tu kwamba ameona alichokiona, na kwamba hawezi kutia sahihi juu ya goti. Sikubishana naye, kwani ana haki. Lawama, kwa heshima zote, naiweka kwako. Mlimwandikia msomaji juu ya mbao, rangi, vinasa sauti, vishikio vya kukazia nyuzi, hata mfuko wa kubebea. Hamkumwonya mahali popote kwamba gitaa hili, katika mikono inayojua, laweza kumsikilizisha mtu jambo alilolikosa kwa miaka arobaini na sita, tena dukani, mchana, mbele ya mwenyekiti wa umoja wa wanawake.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani kwamba naomba mno.

Kwanza, kwamba katika majaribio yenu yajayo muongeze safu ya "Goti", yenye alama kutoka sifuri hadi kumi, ambapo sifuri ndiyo alama bora. Mimi na Torborg tuko tayari kupima bila malipo, mkitutumia nauli ya treni.

Pili, kwamba kila besi ya alama inayozidi tatu ibandikwe karatasi ya onyo, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyevua miwani.

Tatu, kwamba besi za alama inayozidi sita zisiuzwe madukani hivihivi, bali ziuzwe kama divai inavyouzwa: katika duka la serikali, nyuma ya kaunta, kwa mtu mzima aliyeonyesha kitambulisho, na duka lifungwe mapema Jumamosi ili watu wapate kutulia kabla ya Jumapili.

Nne, ikiwa sheria hiyo itachelewa Bungeni, kama sheria njema zichelewavyo, basi jarida lako liwaombe watengenezaji wa magitaa watuundie besi mbaya ya bei ya kati. Simaanishi ya bei rahisi. Za bei rahisi siku hizi nazo ni nzuri, jambo ambalo ningelilalamikia kando kama si kuchelea kukuchosha. Namaanisha gitaa lililofanywa baya kwa makusudi na kwa ustadi: kilo tano na nusu, sarafu tatu chini ya uzi, sekunde mbili za sauti, na liwe na uso wa heshima.

Au, kama lipo tayari mahali fulani na hamkuliandika kwa kuona haya, tafadhali nitajie jina lake kabla ya tarehe 10 Februari. Nahitaji besi ambayo Torborg ataweza kutia sahihi yake chini yake. Sichagui tena sauti. Nachagua Alhamisi.

Nakushukuru kwa uvumilivu wako. Nisalimie wote ofisini: anayepiga picha za magitaa, ambaye kazi yake ni safi, anayepokea simu, ambaye nilimsumbua mara mbili kabla ya Krismasi, na mwandishi wa majaribio, ambaye namheshimu ingawa hana habari na majengo. Msalimie mkeo. Kama huna mke, salamu hizo uziweke tu mezani, hazitaharibika. Sigbjørn pia anakusalimu, na anauliza kama mnafanya majaribio ya kodiani.

Wako mwenye kuomba radhi,

Endre Nærland
Katibu, na mjumbe mmoja kati ya wawili, Kamati ya Besi, Saron

N.B. Leo ni tarehe 23. Barua hii imechelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri kuwa na uhakika, na sasa ninao, ila si ule niliousubiri.

Juma lililopita Wenche alilituma gitaa la tatu kwa basi, bila kuombwa, pamoja na kikaratasi: "Kaa nalo siku saba, mzee. Likikutia dhambini, lirudishe." Nililichukua kituoni kwa nia ya kulirudisha. Lakini ilikuwa Jumatano, na basi la kurudi huondoka Ijumaa, na baina ya siku hizo kuna Alhamisi. Nilimpigia Torborg kumuungamia. Akasema litapigwa Saron, mbele yake, kwa nyimbo tatu, ili ripoti isije ikasemwa kwamba iliandikwa dukani.

Alikaa benchi la mbele na daftari lake. Nilipiga kama ilivyoandikwa kwenye daftari la Jorunn, si zile noti mbili bali zote, pole pole, nikikosea nyingi, na kila kosa lilisikika hadi jikoni, kama nilivyokuonya katika lalamiko la nne. Tulimaliza wimbo wa kwanza sote saba kwa pamoja, jambo ambalo kwa kawaida huchukua muda. Sigbjørn alishusha kodiani akaniambia, "Si mbaya," na huku kwetu maneno hayo huhifadhiwa kwa ajili ya mazishi ya watu waliopendwa. Tukapiga wa pili. Katika ule wa tatu nilithubutu kuinua macho, nikaona yakienda magoti ya waimbaji wawili, ya Sigbjørn yote mawili, na ya mtu mwingine ambaye kwa heshima sitamtaja, ila alikuwa benchi la mbele, naye alikuwa peke yake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakuomba uyafute malalamiko namba mbili, tatu, nne, tano na sita. La kwanza naliacha, kwa sababu ile sentensi juu ya unene bado haijaelezwa.

Baada ya kahawa nilimwomba Torborg anionyeshe daftari. Safu zote tatu za jioni ile, moja kwa kila wimbo, zilikuwa tupu. Nikamuuliza, kwa upole, kuhusu magoti.

"Magoti gani?" akasema, akiitafuta kalamu ya kutilia sahihi. "Mimi nilikuwa nimefumba macho. Au hii si nyumba ya maombi?"